Hesabu Ubavuni mwa Friji

Nimeziandika kwa penseli ya seremala:
kalipa mbili, sahani mbili, mabano na bolti zake: arobaini na tano.
Mipira ya breki, mipya,
maana mpira wa breki haununuliwi mtumba: kumi na tisa.
Pedi: ishirini na mbili.
Mafuta ya breki: kumi na moja.
Soda ya Ximena: moja na nusu.

Seti ya dukani, katika katalogi,
imelazwa juu ya kitambaa cheusi kama pete ya harusi.
Dola mia saba na arobaini, bila kodi.

Ilikuwa Novemba, nateremka kutoka Truchas na kuni za misonobari.
Nilikuwa nimevuka kijito mara mbili,
ngoma za nyuma zimekunywa maji, zimekula tope.
Nikakanyaga pedali, ikazama kama mguu kwenye uji.
Nikakanyaga tena.
Huko nyuma ni kelele tupu.
Wahenga walisema ngoma ivumayo haikawii kupasuka;
hawakusema ufanye nini
ukiwa umeipanda, na nusu tani ya kuni mgongoni.
Kilichonisimamisha ni uzio wa Belarmino, nguzo sita,
na ng'ombe mmoja aliyenitazama bila huruma.

"Liuze," akasema shemeji Celedonio,
mwenye gari jipya na mkopo wa miaka saba.

Kwenye yadi ya skrepa nikalikuta la daktari wa meno:
pua imebonyea hadi kwenye usukani,
makalio mazima kabisa.
Kufa kufaana.
Nikalala chini yake, theluji ikiyeyukia shingoni.
Bolti za kutu zilikataa. Nikazipa moto, nikazipa nyundo,
moja nikaitukana hadi kwa bibi yake.
Ilitoka.

Nyumbani, tundu la kati la sahani
likawa dogo kuliko kitovu cha ekseli
kwa unene wa ukucha.
Fundi wa mashine alitaka themanini.
Mimi nilikuwa na tupa, nusu duara, ya marehemu Abrán,
mpini umefungwa utepe alioufunga mwenyewe.
Haba na haba hujaza kibaba;
haba na haba hupanua tundu pia.
Sugua, jaribu: bado.
Sugua, jaribu: bado.
Unga wa chuma ukatuama magotini mwa suruali.
Saa saba ya usiku sahani ikaingia,
taratibu, kama mtu anayefunga mlango
asiwaamshe watoto.

(Na ndani ya vali kulikuwa na kipira
kilichobakiza shinikizo kwa ajili ya ngoma.
Ukikisahau, sahani zitaburuzwa hadi zinuke.
Nilikitoa kwa kibanio cha nyusi.)

Ximena, miaka kumi na mmoja, kwenye kiti cha dereva,
mto mgongoni ili mguu ufike.
"Kanyaga." "Nimekanyaga."
"Shikilia." "Nimeshikilia."
Viputo vikatoka kwenye bomba, vikubwa, kisha vidogo,
kisha mafuta matupu, rangi ya chai nyepesi.
"Mama, imekuwa ngumu."
Sikumbuki mara ya mwisho niliyoletewa habari njema kama hiyo.

Jumapili, mteremko uleule, kuni zilezile.
Nilikanyaga mapema, kwa woga.
Gari likasimama.
Hapakuwa na mlio. Tulikaa tu,
na vumbi letu wenyewe likatufikia, likatupita,
likaendelea kuteremka bila sisi.

Ila kebo ya handbreki ni pungufu vidole viwili.
Kwa hiyo kila nikiegesha, Ximena huruka chini
na kusukuma jiwe nyuma ya tairi.
Nimeyaongeza haya pale ubavuni mwa friji, chini ya jumla:

Jiwe: bure.
Nguzo za Belarmino: sita. Bado.